Mimi na Jada Mpaka Mama Arudi

Ludara, 21 Machi 1994

Mindra ameenda leo na lori ya asubuhi. Amesema niandike. "Andika kitu mtoto anafanya," alisema, "nikirudi unisomee, nisiwe mgeni kwa mtoto yangu." Mimi nilisoma mpaka darasa ya tatu kwa shule ya kambi ya jeshi, halafu vita ya sabini na tisa ikafunga shule na sisi tukakimbia Zaire. Basi naandika hivi naongea. Mindra ni Mulugbara ya Manibe, mimi ni Mukakwa. Kwa nyumba yetu tunaongea hii Kiswahili ya kambi, yeye ataelewa.

Daktari alisema na hii mimba asikae mbali na hospitali, kwa sababu ile ya mwaka jana ilitoka. Atakaa kwa dada yake Elena, Arua Hill, mpaka azae. Hiyo ni mwezi ya sita.

Jada iko na miaka tatu. Nyanya yake Santa, mama ya Mindra, alitaka kumchukua Manibe. Alisema mbele ya watu, uso yake kwa ukuta, kwa sababu mama mkwe na mkwe hawaangaliani: "Mwanaume analea mbuzi. Hawezi lea mtoto." Watu walicheka. Mimi siongei mbele ya wakwe. Hata mbele ya watu wengine siongei sana. Lakini nikasikia mdomo yangu inasema, "Abaki."

Basi, neno moja. Santa akaambia ukuta: "Sawa. Mwisho ya mwezi ya nne nitakuja kuangalia. Nikikuta amekonda nabeba, na atakaa kwangu mpaka aanze shule."

Lori iliondoka. Jada hakulia. Alikaa chini kwa barabara, akaanza kugusa alama ya tairi na kidole.

22 Machi

Hakula.

23 Machi

Hakula. Nilipika ugali ya mihogo na kunde, nikaweka mbele yake. Akageuza uso. Nikaweka ile upande aligeuza. Akageuza tena.

24 Machi

Amekunywa maji na amekula ndizi moja nusu. Ile nusu ingine alimpa mbwa.

Baba yangu amekasirika. Baba yangu ni Sulaimani, alikuwa sajenti, na mpaka leo analala kama mutu iko kwa zamu. Filimbi yake iko kwa shingo. Kwa Zaire, wakati tulikuwa wakimbizi, alikuwa anaita sisi kwa chakula na filimbi hata kama chakula hakuna.

"Kamisi," alisema, "hii mtoto hapana gonjwa. Hii mtoto hapana na ratiba."

"Iko na miaka tatu, baba."

"Kuruta akikuja kambi hajui kitu. Analia mama, mama. Unampa saa ya kula, saa ya kuoga, saa ya kulala. Wiki moja, amekuwa mutu. Wewe mwenyewe nililea hivyo."

Nikataka kumwambia kwamba mimi nilikuwa naogopa kula.

25 Machi

Kutoka leo filimbi. Moja ni kuamka. Mbili ni uji. Tatu ni chakula. Ndefu ni kuoga. Kuku zote zimekimbilia kwa mihogo.

26 Machi

Jada alisimama wima kwa filimbi ya uji, mikono chini, tumbo mbele. Baba alipiga saluti. Jada alicheka! Alikunywa uji, kikombe nzima.

28 Machi

Inafanya kazi. Filimbi ikilia, Jada anajua kitu gani inakuja. Naona hata macho yake imetulia. Asubuhi haulizi tena mama iko wapi kabla ya kuvaa suruali. Anauliza baada ya kuvaa.

29 Machi

Mvua kidogo. Nimenyunyizia maji miche ya tumbaku kwa kitalu.

31 Machi

Filimbi ya uji ililia na Jada alikuwa anaangalia konokono kwa ukuta ya jiko. Hakukuja. Baba akapiga tena. Hakukuja. Baba akaenda akamshika mkono, akamleta, akamkalisha. Uji ilimwagika. Mimi nilikuwa kwa mlango, naona yote, na sikusema kitu. Konokono alifika juu ya ukuta na hakuna mutu alimuona.

2 Aprili

Hakula tena. Filimbi ikilia anaingia chini ya kitanda.

3 Aprili

Hakula. Leo ni Pasaka. Viktoria, bibi ya jirani yetu Ondoga, alileta nyama kidogo na wali. Jada alinusa, akasema, "Ya mama?" Nikasema ni ya mama Viktoria. Akarudi chini ya kitanda.

Mbavu yake naanza kuiona. Nilimuogesha leo nikazihesabu bila kutaka.

5 Aprili

Nimeenda kwa Viktoria. Sijui nilipata wapi nguvu ya kuenda. Nilisimama kwa boma yake kama mutu anauza kitu, mpaka yeye mwenyewe alicheka.

"Kamisi, umekuja kuangalia nyumba yangu kama iko wima?"

"Jada hakuli."

"Najua. Ludara yote inajua. Filimbi inatuambia." Alikuwa anatwanga simsim, hakuacha. Ana watoto saba na wote wanene. "Ukimpa chakula, wewe unakaa wapi?"

"Kwa mlango."

"Unafanya nini kwa mlango?"

"Naangalia kama anakula."

Akaacha kutwanga. "Unaangalia."

"Ndiyo."

"Na mzee?"

"Mzee anasimama nyuma yake."

"Yesu yangu! Mmoja mbele, mmoja nyuma, na filimbi juu! Hata mimi na hii mwili yangu, mukinilinda hivyo siwezi meza mate." Alicheka mpaka mtoto mgongoni aliamka. "Mama yake alikuwa anakaa wapi?"

Nikafikiri. Mimi naona vitu mingi, watu hawajui tu. Nikaona Mindra kwa kichwa yangu, miguu mbele, sahani moja kwa mapaja, Jada kati ya miguu. Anakata kipande yake, anakata ya mtoto. Anaongea maneno ya bure. Hata mara moja haangalii kama mtoto anakula.

"Chini," nikasema. "Sahani moja."

"Basi, wewe ulizaliwa na kiti?"

5 Aprili, jioni

Nimekaa chini. Sahani moja. Sikuangalia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima, hiyo ya kutoangalia. Niliongea na kunde: "Wewe kunde, leo umekuwa na chumvi mingi." Jada akaniangalia kama nimerukwa na akili. Mkono yake dogo ikakuja kwa sahani. Nikaangalia mti. Ikakuja tena.

6 Aprili

Amekula. Amesema na yeye: "Wewe kunde, mbaya."

7 Aprili

Baba anasema kula chini na mtoto kutoka sahani moja ni kuharibu nidhamu. Amekaa kwa kiti yake, mbali. Lakini kiti imesogea karibu kidogo kuliko jana.

9 Aprili

Mvua kubwa usiku, asubuhi jua. Ondoga amesema kumbikumbi iko karibu kuruka. Baba yangu alisahau kila kitu. Alivaa kofia yake ya zamani akasema, "Twende kwa kichuguu!"

Kichuguu yetu iko nyuma ya mihogo. Ni ya ukoo. Babu yangu alikuwa nayo, na miaka yote tulikuwa Zaire hakuna mutu aligusa. Ondoga alikuwa anafukuza watoto ya watu, na tuliporudi alisema tu, "Kichuguu yenu ile pale." Kuna watu wamepigana na kuchomana mikuki kwa kichuguu. Ndiyo maana mimi namheshimu Ondoga.

Tulifanya kama kawaida. Matundu yote tunaziba na udongo, tunaacha moja. Juu yake tunajenga kibanda ya vijiti na majani, giza kabisa ndani, na mbele tunachimba shimo ya kumbikumbi kuanguka. Halafu unagonga vijiti kwa ubao, taratibu, ili huko chini wafikiri ni mvua.

Baba alishika vijiti. Alikuwa kwa bendi ya kambi kabla ya kuwa sajenti. Aligonga: tram-tam, tram-tam, tram-tararam. Jada akaanza kutembea kwata kuzunguka kichuguu. Hata mimi mguu yangu ilicheza. Kumbikumbi hata moja haikutoka.

Viktoria alipita na kuni kwa kichwa. "Mzee Sulaimani! Hiyo ni mvua au ni rais anafika?"

"Wewe mwanamke, pita na kuni yako!"

"Napita. Lakini kumbikumbi imesimama wima huko chini inangoja amri."

Baba aligonga mpaka saa ya swala. Kitu hakuna. Jada aliomba vijiti, na baba akasema, "Bado wewe ni dogo." Nilimwambia Jada, "Siku ingine mimi na wewe." Alinishika suruali: "Kesho?" Nikasema, "Mvua ikinyesha tena."

10 Aprili

Jua tu. Jada ameuliza mvua iko wapi.

11 Aprili

Jua. Ameuliza tena. Anakula, lakini kama mimi niko. Nikienda kwa shamba na kumwacha na baba, sahani inarudi imejaa. Sasa namchukua shamba. Kazi inaenda nusu. Anapanda mawe kwa mstari na anaimwagilia.

13 Aprili

Candia, kaka ya Mindra, amepita kwenda soko ya Koboko. Amesema Mindra iko sawa, tumbo inakua, anauliza mtoto. Amesema na Santa anauliza mtoto. Alipima mkono ya Jada na vidole mbili, hivi, kama mutu anapima kuku, halafu hakusema kitu. Watu wa Manibe wakinyamaza ni vibaya.

16 Aprili

Leo nitaandika yote, hata kama kalamu inaisha.

Mvua ilinyesha kutoka alfajiri. Jada alikuja kwa kitanda yangu akaweka mdomo kwa sikio yangu: "Baba, mvua." Nikasema, "Ndiyo. Ikiisha tunaenda kwa kichuguu, mimi na wewe." Alivaa suruali mwenyewe, nyuma mbele.

Lakini mvua hiyo ni ya tumbaku pia. Miche unatoa kwa kitalu siku udongo iko laini, ukichelewa mwaka umeharibika. Na kwa kijiji yetu mutu hapandi peke yake, leo watu wote kwako, kesho wote kwa mwingine. Mvua ilipopungua Ondoga alikuwa ameshafika kwa boma na watu kumi na majembe, wanaimba. Utafukuza watu? Utasema, ngojeni, naenda kukamata kumbikumbi na mtoto?

Nilimwambia Jada, "Ngoja kidogo." Nilimwacha kwa veranda na baba. Hakulia. Sasa najua, akikosa kulia ndiyo mbaya.

Tulipanda mistari mingi. Jua ilitoka. Nikanyoosha mgongo nikaona baba anakuja kati ya miche, bila kofia, anakanyaga kazi ya watu.

"Mtoto hayuko."

"Hayuko wapi?"

"Niliswali. Nikamaliza. Hayuko."

Tulikimbia. Kisima, hayuko. Choo, nikaangalia ndani, hayuko. Kwa Viktoria, hayuko. Barabara ya lori. Watu wote waliacha tumbaku wakaingia kwa mihogo wanaita, "Jada! Jada!" Na baba yangu alisimama katikati ya boma, akapiga filimbi. Tatu, ya chakula. Halafu ndefu. Halafu tatu tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo imetoka.

Mimi nikamkumbuka chini ya kitanda. Filimbi ikilia anajificha.

"Baba," nikasema. Hakusikia. Nikashika mkono yake. Mimi sijashika mkono ya baba yangu hivyo tangu nizaliwe. "Baba, acha filimbi."

Aliniangalia. Nilifikiri atanipiga.

"Anakimbia hiyo filimbi," nikasema. "Waambie watu wote wanyamaze."

Filimbi ilianguka kwa kifua yake. Halafu aligeuka na sauti ya sajenti, ile ya zamani: "Wote kimya!" Mihogo yote ikawa kimya. Hata Ondoga.

Nikasikia. Tok. Halafu hakuna. Tok-tok. Hakuna. Tok.

Alikuwa nyuma ya kichuguu, chini ya kibanda ya majani ile tuliacha, matope mpaka nywele. Iko na vijiti mbili na ubao ya babu yake. Anagonga, anasahau, anaangalia sisimizi, anagonga tena. Nilikuja na hasira, na woga, na mkono imeshapanda juu. Aliweka kidole kwa mdomo.

"Sss. Wanakuja."

Nikaangalia. Kwa tundu kulikuwa na kumbikumbi moja, anatikisa bawa. Halafu ingine. Halafu tano, kumi, wanasukumana kama watu kwa mlango ya kanisa, wanatoka, wanaanguka kwa shimo.

Mkono yangu ilishuka. Niliambia watu, "Iko hapa, iko sawa." Ondoga alisema, "Basi turudi kwa tumbaku." Mimi nikasema, "Endeni. Mimi nitakuja."

Sikuenda. Nilikaa chini kwa matope, Jada akaingia kati ya miguu yangu. Alichukua kumbikumbi, akatoa bawa, akakula. Akatoa ya pili, akaweka kwa mdomo yangu. Ilikuwa bado inatembea. Akasema, "Ulisema ikiisha."

"Nilisema."

"Iliisha."

"Ndiyo. Nilikosa."

Akagonga kidogo. "Kula," akaniambia.

Miche ya kitalu ile ilibaki imekauka. Ondoga atanisema mpaka mavuno.

17 Aprili

Ondoga amenisema. "Kamisi, mwaka huu utapeleka kumbikumbi kwa kampuni ya tumbaku, wapime daraja." Watu walicheka. Mimi pia. Kabla, ningeenda kujificha.

18 Aprili

Baba hajapiga filimbi siku mbili. Leo asubuhi nilimkuta amekaa, anaigeuza kwa mkono. Nikamwambia, "Baba, ile ya uji ilikuwa nzuri. Alikuwa anaipenda. Piga hiyo moja tu, na kama hajakuja mara ya kwanza, wewe umwendee."

"Sajenti aende kwa kuruta?"

"Pengine anaangalia konokono."

Alifikiri sana. Alisema, "Na kuoga?"

"Kuoga pia tuweke, jioni, kila siku, hata mvua. Na kutaja jina ya mama kabla ya kulala. Hizo tatu hatubadilishi. Ingine tuone siku inasema nini."

"Siku inasema nini," baba alisema, kama mutu anaonja dawa. Lakini hakukataa.

20 Aprili

Konokono alikuwepo. Baba alienda. Wamekaa wote mbili mbele ya ukuta, uji imepoa, wamekunywa hivyo hivyo.

22 Aprili

Mvua. Kwa Ondoga, kupanda.

23 Aprili

Tunakula chini. Baba amesema kiti yake imevunjika mguu. Niliangalia, haijavunjika.

25 Aprili

Jada amekula ugali, samaki mkavu, yai, na chaki.

27 Aprili

Usiku anageuka sana, anatupa nguo, anabaki mgongo wazi. Nimejifunza kuamka kidogo, kufunika, kulala tena. Mindra, hii hujaniambia.

29 Aprili

Kesho au kesho kutwa Santa anakuja. Nimefagia boma mpaka kwa barabara. Nimepaka ukuta udongo mpya. Viktoria ameniazima sahani nzuri na amenipa kuku. Ratiba yote iko kwa kichwa: asubuhi uji, mtoto safi, shati nyeupe, saa ya chakula kuku iko tayari. Akifika, akute kila kitu kwa mstari. Sijalala vizuri. Mbavu haionekani tena, lakini macho ya Santa si kama macho yangu.

30 Aprili

Kulinyesha alfajiri. Halafu jua, ile jua nyeupe, na moshi ya maji inatoka kwa udongo. Nilikuwa nimeshavalisha Jada shati. Maji ya kuku iko karibu kuwekwa kwa moto. Ondoga akaita kutoka kwake: "Kamisi! Leo! Leo ndiyo yenyewe!"

Jada aliniangalia. Hakuomba. Aliangalia tu.

Mimi nikaangalia barabara. Nikaangalia kuku. Mindra, nitakuambia ukweli, niliogopa. Nilijua nikibaki nitapika vizuri na Santa atanikuta kama mutu. Na nilijua Jada atakaa kwa veranda na shati nyeupe bila kulia.

"Baba," nikamwambia sajenti, "chukua ubao."

Kuku alibaki mzima. Mpaka sasa anatembea.

Kumbikumbi ilitoka kama maji. Nimekua na hicho kichuguu na sijaona hivyo. Jada aligonga vile anagonga, mara moja, mara tatu, anaacha. Baba alishika kijiti ingine akajaribu kumfuata. "Hii mtoto hana hesabu!" alisema. "Nashindwa kumshika!" Lakini alikuwa anacheka, kofia yake imejaa kumbikumbi. Mimi nilikuwa ndani ya shimo mpaka magoti, kifua wazi, kaptula imepasuka nyuma, nachota na mikono mbili. Shati nyeupe ilikuwa imekuwa gunia.

"Jada!"

Hiyo sauti. Nilitaka shimo inimeze. Mutu anakutana na mama mkwe yake na shati na viatu, anapiga magoti mbali. Mimi kaptula imepasuka. Nilikaa chini haraka. Santa alikuwa kwa njia ya mihogo, na mfuko kwa kichwa, na aliponiona aligeuka hapo hapo, mgongo kwetu, kama desturi inataka.

"Nyanya!" Jada hakukimbia kwake. Mikono ilikuwa na kazi.

Kwa mila, kama mama mkwe iko na neno, anapeleka na mtoto. Santa akaongea na mihogo:

"Jada, mwambie baba yako, nimefika kwa nyumba. Mlango wazi, jiko baridi, chungu tupu. Mbwa tu iko kwa zamu."

Jada alikuja mbele yangu. "Baba, nyanya ameona mbwa."

Baba yangu alikohoa. Nikasema, "Mwambie nyanya, tunaomba msamaha. Kumbikumbi ilitoka."

Jada alienda mpaka kwa mgongo ya Santa. "Nyanya, zimetoka."

"Naona zimetoka. Mwambie baba yako, hii ni saa ya mtoto kula."

Jada alirudi. Mdomo yake ilikuwa imejaa, bawa moja iko kwa kidevu. Akatafuna, akameza. "Baba, kula."

"Mwambie..." Santa akaacha. Halafu sauti yake ikawa chini, na ngumu. "Mwambie baba yako, nilisema mwisho ya mwezi. Nimekuja kukuchukua. Lori inarudi kesho asubuhi."

Vijiti ilisimama. Baba alitoa kofia ya kumbikumbi kwa magoti akaiweka chini. Neno yangu nilikuwa nimesema mwezi ya tatu, sikuwa na ingine.

Jada alisimama katikati yetu. Aliangalia mgongo ya nyanya yake. Aliangalia mimi. Alielewa, mtoto ya miaka tatu anaelewa kuliko mzee wa kanisa. Alikuja pole pole, akaweka mkono ya matope kwa shavu yangu, na akaleta ujumbe kwa sauti ambayo hata Ondoga kwa boma yake alisikia:

"Baba, nyanya anataka kijiti yake, agonge."

Halafu nikaona mgongo ya Santa inatikisika. Nilifikiri analia. Alishusha mfuko kutoka kwa kichwa kabla ianguke.

"Hii mtoto ni mwongo!" alisema. "Mwongo kabisa! Amerithi wapi?"

"Kwa upande ya Manibe!" baba akajibu.

"Eh, mzee, nyamaza!" Lakini alikuwa anacheka. "Leta basi hiyo kijiti."

Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, ili asinione, mpaka akafika kwa kichuguu na akakaa, mgongo kwa mgongo na mimi, kichuguu katikati. Jada akampa kijiti. Akagonga. Anajua, wanawake wa Manibe wanajua. Jada akaingia kwa mapaja yake, na nikasikia anamwinua ili akae vizuri.

"Uuu, mzito! Jada, muulize baba yako anakulisha nini, mawe?"

"Baba," Jada akaita juu ya kichuguu, "mawe!"

1 Mei

Santa ameenda. Jana alikula kumbikumbi ya kukaanga kwa jiko, mimi nilikula nje, na Jada alikula kwake, akaja akakula kwangu, akarudi akakula kwake. Asubuhi filimbi ya uji ililia na Santa mwenyewe alisimama wima. Baba hakujua afanye nini, akapiga saluti.

Tumempa mfuko ya kumbikumbi mkavu apeleke kwa Mindra. Mfuko ya nguo ya Jada hakuna mutu aliitaja.

Kwa barabara Jada alimpungia mkono kabla hata apande. Santa aliweka mguu kwa lori, halafu akashusha. Aliangalia upande ya Koboko, mimi naangalia upande ya Arua. Jada alikuwa hapo hapo, angeweza kumtuma. Hakumtuma.

"Baba Jada," alisema.

Sikuwahi kusikia hiyo jina kwa mdomo yake. "Mama."

"Usiku anageuka sana. Mgongo inabaki wazi. Uwe unamfunika."

Mimi hiyo najua. Lakini nilipiga magoti kwa barabara, kwa matope, nikasema, "Ndiyo, mama. Asante kwa kunifundisha."